Tope la Sange kwenye Minyanya ya Kiboko

“Madebe matatu ya mahindi, Bwana Kiboko. Ndivyo tulivyopatana.”

“Madebe matatu kwa tope? Bi Sange, mto mzima huo nyuma yangu umejaa tope, na hakuna aliyewahi kuniuzia.”

Ilikuwa zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe yao na majirani wa kugombana nao. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Siku hiyo alisimama mlangoni kwa Kiboko tangu asubuhi, kapu mkononi. Nyumbani aliacha watoto wanne na ghala tupu, na shamba lake limebaki majani, kwa kuwa siku za kupanda alizimalizia kwenye shamba la Kiboko.

Kisa ni hiki. Mwaka uliopita minyanya yote ya Kiboko ilikufa kwa mnyauko kabla ya siku ya thelathini. Ulibaki mnyanya mmoja tu katikati ya mizoga ya wenzake, kijani kibichi, kama vile habari hazijaufikia. Sange akaja na pua yake, akanusa shina, fu, fu, fu.

“Hapa chini kuna walinzi,” akasema. “Vijidudu vidogo kuliko vumbi la unga. Mzizi unavilisha, navyo vinaukalia pande zote, ugonjwa ukose pa kuingilia.”

Msimu mpya ulipofika, akachota udongo wa shina lile. Akaukoroga na maji na mboji mpaka ukawa kama uji mzito, akachovya humo mizizi ya miche mipya, mche mmoja mmoja, matuta arobaini. Siku sita mgongo umepinda. Walipatana kwamba minyanya ikivuka siku thelathini ikiwa hai, Sange apate madebe matatu. Shahidi alikuwa jirani yao, Nyati.

Sasa siku thelathini zimepita, minyanya yote hai, na Kiboko amekunja mikono.

“Nimechungulia kila asubuhi,” alisema. “Sijaona mlinzi hata mmoja. Minyanya imepona kwa sababu namwagilia vizuri. Silipi mtu nisiyemwona.”

Sange alitamani kumng’ata kidole. Akajizuia. Pua ikacheza kushoto, ikacheza kulia.

“Basi sawa,” alisema taratibu. “Kama ni tope tu, nirudishie tope langu.”

“Chukua, mama. Nani kakushika?”

“Sichukui. Linarudishwa na aliyelipokea. Ng’oa mnyanya, suuza mizizi ndani ya beseni langu, kisha upande tena. Leo tuta moja, na mengine utanirudishia nikija, mpaka yatimie arobaini.”

Kiboko akamtazama Nyati, aliyekuja kushuhudia malipo. Nyati alitafuna, akameza, akafikiri.

“Ni tope lake,” alisema. “Na wewe umesema halina kazi. Mrudishie.”

“Kusuuza?” Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, bwata, bwata. “Mimi niliyezaliwa majini? Lete beseni lako.”

Chubwi, chubwi, chubwi. Mizizi ya tuta la kwanza ikatoka myeupe kama meno yaliyosuguliwa. Akaipanda tena, akaimwagilia.

“Tuta la pili ling’oe pia,” Sange akasema, “ila usisuuze. Lirudishe ardhini na tope lake, nalo ulimwagilie. Nisije nikaambiwa baadaye kwamba ni kung’olewa ndiko kulikoiua.”

“Kulikoiua nini?”

“Wewe panda tu, bwana.”

Siku mbili matuta yote mawili yalinuna. Siku ya tatu yakasimama, na Kiboko akapita kwa jirani zake akijisifu: amemlipa Sange kwa maji machafu.

Siku ya tisa, jua la saa sita, tuta la kwanza likalegea. Kiboko akamwaga ndoo ya maji. Likalegea zaidi. Akamwaga ya pili, akamwaga ya tano. Siku ya kumi na mbili minyanya ile ililala chini, pwaa, yote. Nyati akakata shina moja, akalitumbukiza kwenye gilasi ya maji. Ute mweupe ukashuka kama uzi.

“Mnyauko,” alisema. “Ule ule wa mwaka jana.”

Tuta la pili, lililong’olewa siku ile ile, mkono ule ule, maji yale yale, lilikuwa limesimama na maua ya njano.

Hapo Sange akatokea na beseni lake kichwani.

“Hodi, Bwana Kiboko. Nimefuata tope. Tuta la pili umelirudisha ardhini, basi hilo nalo nalidai. Yamebaki matuta thelathini na tisa. Tuanzie upande gani?”

Kiboko akasimama mbele ya minyanya yake, mikono ameitanua kama anayezuia ng’ombe.

“Bi Sange, jirani yangu. Tope liache. Lina kazi gani kwako?”

“Halina kazi. Si ulisema mwenyewe?”

“Nitakupa debe moja.”

“Suuza.”

“Mawili. Na maboga.”

“Sitaki maboga yako. Sikuongezei punje, sikupunguzii punje. Inama usuuze.”

Kiboko akatazama tuta lililokufa, akatazama ghala lake. Akaenda kulifungua mwenyewe, nyaaa, mlango ukalia.

Wanangu, kazi usiyoiona kwa macho nayo ni kazi, na aliyeifanya hulipwa.

Sange aliweka beseni chini, akafungua kapu.

“Madebe matatu, Bwana Kiboko. Pima.”