Kibao cha Pande Mbili

Njia mbili zilimshinda fisi. Wahenga waliposema hivyo walidhani wamemaliza, kumbe fisi wengine wana ofisi na kiti cha kuzunguka. Mmoja wao alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho, baba wa watu, mpole kupita kiasi, ambaye neno "hapana" lilimkwama kooni kama mfupa.

Mtafiti wa jumba hilo, mama aliyeota sugu magotini kwa kuchimba, alikuwa amepata fuvu la kale. Akaliandikia kibao: umri unaokadiriwa na jinsi ulivyopimwa, nadharia ya wanasayansi kuhusu asili ya binadamu pamoja na ushahidi wake, na yale ambayo bado hayajajulikana. Dini hakuigusa, chama hakukigusa. Alitaka kitu kimoja tu, watoto wa shule walione fuvu lile na kusoma maelezo ya haki.

Haya, mhubiri akaja juu. Kibao kinapotosha waumini, kiandikwe kwamba lile ni fuvu la nyani basi. Mhubiri hajatoka vizuri, mbunge huyo akaingia, naye akataka kiandikwe kwamba mtu wa kwanza duniani alizaliwa jimboni kwake. Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Mtafiti akamsihi mkuu awaeleze kwamba umri wa mfupa haupigiwi kura wala haupatikani kwa mahubiri. Mkuu akamwambia sawa, dada. Mbunge naye aliambiwa sawa, mheshimiwa, na mhubiri sawa, baba. Sawa gani hizo, jamani?

Basi akachongesha kibao kipya chenye pande mbili, akakitundika kwa uzi. Upande huu nyani, upande wa pili jimbo. Bawabu akipiga simu kusema nani yuko getini, mkuu anakimbia kukigeuza. Mtu mzima na mvi zake! Kibao cha mtafiti kikatupwa stoo.

Siku ya ufunguzi, mbunge na mhubiri wakafika pamoja. Mkuu alisimama mbele ya fuvu akitiririka jasho, akikigeuza kibao huku na huku, mpaka uzi ukakatika. Kikaanguka miguuni pao. Mbunge akasoma upande wa juu, nyani; mhubiri akakiokota na kusoma wa chini, jimbo. Kwa mara ya kwanza wakakubaliana: jumba hili ni la matapeli, lifungwe. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni nje wakarudishwa shuleni.

Mkuu akajitetea kwa mtafiti kwamba alikuwa akililinda fuvu lake.

"Wangeukasirikia ukweli, kaka, ningekuwa na la kuwajibu," mtafiti alisema, akilifunga fuvu kwa pamba. "Sasa wameukasirikia uongo wako, na hapo wana haki. Niwaambie nini?"

Hata ile "sawa" ilimkimbia mkuu. Fuvu likapelekwa stoo, likawekwa kando ya kibao chake cha kwanza, ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukisoma. Ama kweli, njia mbili zilimshinda fisi.