Kutu Isiguse Mawe ya Mizani

Makungu alikuwa mlinzi wa duka la Bwana Chande, tajiri wa mafuta ya nazi pale Pangani. Masika yalipoanza, tajiri alifunga safari kwenda harusini Tanga. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mawe yake ya mizani, ya chuma, aliyorithi kwa babu yake.

"Nikirudi nikaona kutu, utahama kile chumba changu mnachokaa, wewe na mkeo."

"Basi niachie mafuta kidogo niyapake, bwana."

"Hata tone lisitoke kwenye pipa langu!"

"Nisamehe, bwana. Kichwa hiki nilipewa cha kuvalia kofia tu."

Chande alicheka, akaenda zake.

Aliporudi alikimbilia kwanza kwenye pipa. Mafuta yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

"Umefanya vyema! Na mawe yangu?"

"Yamo humo ndani, bwana. Ulikataza mafuta kutoka, hukukataza mawe kuingia."

Chande alikunja mikono ya kanzu, akayaopoa moja moja. Yalikuwa meusi tititi, hayana hata doa la kutu. Mafuta yalimchuruzika hadi miguuni.

"Tazama, bwana," alisema Makungu kwa huzuni. "Mjinga mimi nimeyalinda mafuta yote, na mwenyewe unayamwaga."