Kikapu Kisicho na Kitako

Hapo zamani, wakati reale moja ilipomtosha mtu kuoa na ikabaki ya kujutia, palikuwa na mji uitwao Mkwavira, na ndani yake akikaa mtu jina lake Ngwali. Kazi yake hasa haikujulikana. Asubuhi alikuwa mshauri wa watu wasiomwomba shauri, mchana alikuwa mgonjwa wa joto, na jioni alikuwa mgeni wa yeyote aliyepika. Msimcheke sana. Nimetembea miji mingi, na kila mji nilimkuta Ngwali wake, na katika miwili mitatu Ngwali huyo alikuwa mimi.

Mwenye kazi na mwenye nyumba alikuwa mkewe, Bi Mize. Nyumba ya mawe, vyumba viwili na ukumbi, aliirithi kwa mama yake. Na kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua, ambavyo harufu yake iliwatoa watu msikitini kabla ya dua kwisha.

Basi siku moja Ngwali akaalikwa harusini kwa mpwa wa Waziri, akaona haya kwenda na kanzu yenye viraka vinavyogombana rangi. Akamwambia mkewe, "Bi Mize, nimeazimia kufanya biashara ya nazi. Hazina ya Sultani inakopesha, ila yataka rehani." Bi Mize akakubali nyumba iwekwe rehani, maana ukipenda, chongo huita kengeza, naye Bi Mize alikuwa ameita kengeza kwa miaka kumi na tisa.

Ngwali akapewa reale arobaini. Nazi hazikuonekana. Kilichoonekana ni joho la hariri, makubadhi yenye nakshi, na Ngwali mwenyewe katikati ya ukumbi wa harusi akiwatuza waimbaji kana kwamba fedha humwota kwapani. Mvua ya kwanza ikalinyeshea joho lile, likarudi hata likamfaa mtoto wa miaka saba. Deni halikurudi, lilikaa vilevile.

Ikawa Sultani wa mji huo, Sultani Sabiti, alikuwa Ngwali mwingine, ila yeye alikuwa na walinzi. Hakuvaa kilemba kimoja Ijumaa mbili. Alikuwa na kasuku alaye lozi, wapiga zumari sita wa kumwamsha, na mtu aliyelipwa kupepea kiti chake wakati hayupo, kiti kisije kikaona joto. Kila mwezi hazina iliingiza reale mia tano, na kila mwezi Sultani alitumia mia sita. Ile mia aliikopa kwa tajiri mmoja mwuza hariri, aitwaye Sanjari, hata zikafika mia nane, na siwa ya mji, ile baragumu kubwa ya pembe ambayo Sultani asiyekuwa nayo si Sultani, ikawekwa rehani kwa siri.

Tajiri akampa miezi mitatu. Ndipo Sultani akakumbuka kwamba naye anawadai watu, kama mtu aliyetukanwa na bwana wake akumbukavyo kwamba nyumbani ana punda. Akatuma askari kwa Ngwali: kesho barazani, ama nyumba itwaliwe.

Askari alipoondoka, Bi Mize akaweka mwiko chini. "Ngwali, nazi ziko wapi?"

"Ziko minazini, mke wangu. Bado hazijaanguka."

"Itakayoanguka ni nyumba ya mama yangu."

Akapitisha kiganja juu ya baraza ndogo ya mlangoni, pale mama yake alipozoea kukaa akichambua mchele, asiseme neno jingine. Ngwali, aliyezoea kugombezwa kama wengine wanavyozoea chumvi, akakiogopa kimya kile kuliko askari. Mwishowe Bi Mize akasema, kama asemaye na kikaango chake, "Laiti jumba la Sultani lingenilipa vitumbua vyangu! Ramadhani tatu, sinia mbili kila futari, sijaona hata pesa. Lakini nani atakayemwambia Sultani alipe deni lake?"

"Umesemaje? Deni la nani?"

"La Sultani."

"Deni lake?"

"Deni lake, ndiyo. Kwani wataka kuongeza na hilo juu ya lako?"

Ngwali akamshika mkono ule wenye unga, akaubusu, akabaki na masharubu meupe. "Bi Mize," akasema, "nisukie vikapu vinne. Na kimoja usikitie kitako."

Asubuhi baraza ikajaa. Sultani alikuwa kitini, kulia kwake Waziri, ambaye siku nyingi alikuwa akiikodolea macho nyumba ya Bi Mize, na kushoto kwake Kadhi, mzee aliyeipenda sarufi kuliko futari.

Sultani akasema, "Ewe Ngwali, nasikia u hodari wa maneno. Leo sitaki maneno. Nakupa miezi mitatu ulipe deni langu. Usikope, usiombe, usiuze kitu, wala usiibe. Ukishindwa, nyumba ni yangu."

Watu wakanong'ona, maana mtu aliyekatazwa yote hayo huwa hana lililobaki ila kufa, na kufa nako hakulipi.

Ngwali akainama. "Nimesikia, Maulana. Nilipe deni lako."

"Ndiyo."

"Lote?"

"Lote, hata pesa ya mwisho!"

"Na akitokea mtu akanizuia?"

Sultani akacheka. "Nani amzuie mtu kulipa? Yeyote atakayekuzuia kulipa deni langu, hata akiwa ni mimi mwenyewe, apigwe viboko kumi na viwili. Kadhi, andika."

Kadhi akaandika, na muhuri ukagongwa.

Kesho yake Sultani alipoamshwa na zumari, akaambiwa kuna mwehu hazinani mwenye vikapu vinne, amekwisha kumwondoa kazini yule mpepea kiti. Akatelemka mbiombio, kilemba mkononi. "Ngwali! Wafanya nini katika hazina yangu?"

"Nalipa deni lako, Maulana."

"Deni langu ni zile arobaini ninazokudai wewe, mpumbavu!"

Ikabidi waende barazani, vikapu na vyote, aitwe Kadhi, na nyuma ya Kadhi ukaja mji mzima, kwa kuwa sarufi haijapata kuwa na utamu kama siku ile. Kadhi akaisoma karatasi yake mara mbili, akavua miwani, akasema, "Maulana, kwa Kiswahili chetu hiki, unachodaiwa ni deni lako, na unachodai ni haki yako. Zile arobaini ni deni la Ngwali. Deni la Maulana ni lile ambalo Maulana anadaiwa. Je, Maulana anadaiwa?"

Kinyozi akakohoa. Mwuza samaki akakohoa. Mshona vilemba akakohoa hata akashikwa mgongo, na ukumbi mzima ukawa kama wodi ya kifaduro.

"Mtoeni mtu huyu!" akafoka Sultani.

"Maulana ananizuia?" akauliza Ngwali kwa upole. "Nauliza tu. Viboko viko kwa Kadhi."

Sultani akakaa. Na kwa kuwa kiti hakikupepewa, kweli kilikuwa na joto.

Basi Ngwali akavipanga vikapu. "Hiki ni cha Deni, nacho hula kwanza. Hiki ni cha Watu, wanaokutumikia. Hiki ni cha Kula. Kila mwezi zikiingia mia tano, mia tatu zinakwenda kwa Deni kabla hujapiga miayo. Zinazobaki ndizo zako na watu wako."

"Na hicho cha nne?"

"Hicho ni cha Fahari, Maulana. Sikukatazi kitu, mimi ni nani? Ukitamani kitu cha fahari, utie bei yake humu kwanza, kutoka katika fedha yako ya kula, ukanunue kesho." Akakiweka juu ya kile cha Deni, kama chungu juu ya mafiga.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mchungu. Vyakula thelathini vya mezani vikashuka hadi vitatu, na mpishi akalia. Kisha akaonja vile vitatu, akagundua kwamba alipokuwa hana haraka alijua kupika. Wapiga zumari wakapewa shamba la Sultani walime mihogo, na jogoo akashika kazi yao bila mshahara. Kasuku akaletewa karanga, akatukana siku tatu, siku ya nne akala.

Ijumaa ya kwanza Sultani akakataa kutoka. "Nitatokaje na kilemba cha mwaka juzi? Watu watanionaje?"

"Unavyo vilemba mia tatu na kumi na viwili," akasema Ngwali, "nami nimekatazwa kuuza. Vaa hiki cha kijani."

Akakivaa, akatoka huku akijificha nusu nyuma ya mwavuli. Watu wakainama njia nzima: "Kilemba kipya, Maulana! Mubarak!" Hata yule mshona vilemba, aliyekishona kwa mkono wake, akauliza kimeshonwa wapi.

Sultani akarudi, akakaa kitako sakafuni kama mtu wa kawaida. "Ngwali, miaka yote hii, hakuna aliyekuwa akikitazama?"

"Maulana, na mimi nilivaa joho la reale kumi na nane harusini. Bwana arusi akanidhani mpiga tari."

Mwezi wa pili likaja jaribu kubwa. Mchuuzi alileta farasi mweupe mwenye njuga za fedha, bei yake reale sitini. Sultani akamtazama farasi, farasi akamtazama Sultani, wakapendana. Akazihesabu sitini, akazitia katika kikapu cha Fahari, akaenda zake. Asubuhi akaja mbio kuzitwaa, akakuta kikapu kitupu.

"Mwizi! Fedha yangu imekwenda wapi?"

"Imekwenda iendako fahari siku zote, Maulana."

"Wapi?"

"Chini."

Sultani akakiinua kikapu, akatia mkono, na mkono ukatokea upande wa pili ukimpungia. Hakuwa amepata kutazama kitako cha kikapu maishani mwake. Alikuwa na watu wa kazi hiyo. Akachungulia cha Deni, akaziona sitini zake zimejilaza juu ya nyingine. Akataka kukasirika, akashindwa, akacheka hata akashikilia mlango. Tangu siku hiyo, kila alipotamani kitu, alikwenda kwanza kutia mkono kikapuni akajipungia, kisha hamu ikamwisha.

Mwezi huo kwa zile sitini kikapu cha Deni kilijaa zaidi, na wa tatu mpishi akapunguziwa kubana kwa kiasi hichohicho, zikatimia mia tisa zilizotakiwa. Ngwali akaanza na wadai wadogo, mmoja mmoja: kinyozi, mwuza samaki, mshona vilemba, reale hamsini na tisa kwa jumla. Kila aliyelipwa alitoka akisifu, na kikohozi cha mji kikapona. Siku ya tisini akaja tajiri Sanjari na wapagazi wanne wa kubeba siwa. Akahesabiwa mia nane, akahesabu tena, akaondoka na wapagazi mikono mitupu, nao wakidai ujira wao.

Sultani akaamuru siwa ipulizwe. Kisha akakumbuka, akamgeukia Ngwali kwa jicho la utani. "Hodari! Na deni lako je?"

"Deni lako, Maulana? Limebaki kidogo tu."

"La-ko! La-ko wewe! Zile arobaini! Safari hii Kadhi yuko upande wangu."

Kadhi akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Waziri akatabasamu, akaanza kuhesabu madirisha ya nyumba ya watu kichwani mwake.

Ngwali akageuka kutazama mlangoni. Deni lile lilikuwa lake kweli, na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sinia kichwani.

Bi Mize akaingia, akatua sinia. "Sabalkheri, Maulana. Mume wangu amesema limebaki kidogo. Kidogo hicho ni mimi. Vitumbua vya Ramadhani tatu, reale arobaini na moja. Ameniweka mwisho asije akaambiwa amejipendelea."

Sultani akamtazama mpishi. Mpishi akatazama dari. "Ni kweli, Maulana. Hata hiki ulichokula asubuhi ni chake."

Kikapu cha Deni kikamiminwa: zilikuwa arobaini na moja, si zaidi. Bi Mize akazipokea, akahesabu arobaini, akazisukuma mbele ya Sultani. "Hizi ni za mume wangu. Naomba karatasi ya nyumba yangu." Ile moja akaifunga katika pindo la kanga. "Na hii ya mafuta."

Karatasi ikaletwa, naye akaitia kifuani. Sultani akacheka, na baraza yote ikacheka, isipokuwa Waziri. Sultani akavua joho lake mwenyewe, la hariri nzito lenye uzi wa dhahabu, akamvika Ngwali mabegani. "Chukua, ewe mwehu. Umenirudishia siwa."

Ngwali akajitazama. Akageuka huku, akageuka kule. Wakatoka njiani, naye akitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuona.

"Ngwali," akasema Bi Mize.

"Naam, mke wangu."

"Deni la Sultani limekwisha. Lako umelipiwa na nani?"

Ngwali akapunguza mwendo. "Na wewe."

"Basi sasa nani anakudai arobaini?"

Walipofika nyumbani, Ngwali akaviona vikapu viwili vipya ukumbini, kimoja juu ya kingine. Akapumua, akalivua joho, akalikunja vizuri, akalitia mwenyewe katika kile cha juu. Likapita moja kwa moja, likatua puu! katika cha chini, na Bi Mize akakaa pale barazani kwa mama yake akicheka hata machozi yakamtoka.

Hekaya nimeilipa yote, haina baki. Anayenidai kicheko zaidi na aje kwangu kesho asubuhi, nitakuwa nimesafiri.