Mbege ya Bibi Ndekusia

Kama una kijana anayetaka kuoa na kuna jambo lake unalificha, soma hii mpaka mwisho. Kama huna, mpelekee jirani yako. Yeye anaye.

Huko mlimani, kwenye kijiji cha migomba na baridi, alikaa bibi mmoja aliyeitwa Ndekusia. Alianza kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu meno yake yote yakiwa kinywani. Ndizi aliziivisha mwenyewe, ulezi akauotesha na kuusaga mwenyewe, na gome la msesewe, lile la kuitia uchungu kidogo, hakumwachia mtu alishike. Watu walishuka na kupanda mabonde kuifuata mbege yake. Hakuwa na kingine cha kujivunia. Mume alishakufa, binti alishakufa, amebaki mjukuu na hilo jina la upishi.

Sasa kule kuna desturi. Mwenye mbege huonja kwanza. Anapiga funda mbele ya mgeni, ndipo anampa kibuyu, maana yake: tazama, sijakutilia kitu. Na mgeni akikikataa kibuyu hicho, bila kusema neno, amewaambia wenyeji kwamba wanaua watu.

Mjukuu wake Aikande aliposwa na Aminieli, seremala wa kijiji cha ng'ambo. Kijana mpole, mikono safi, pua imeziba mwaka mzima. Watu walisema ni vumbi la mbao. Siku moja alikuja kusalimia, akakaa jikoni kando ya chungu cha maharage mpaka maharage yakaungua, nyumba nzima ikanuka, yeye anaongea tu. Ndekusia akamwambia mjukuu wake, "Huyu mume wako ana pua ya mapambo."

Aikande akacheka. "Atakula chochote nitakachopika, bibi. Ni bahati hiyo."

Ikafika siku ya wazee wa pande zote mbili kukutana. Aminieli alikuja na ukoo wake, mbele akiwa mama yake, mjane, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ndekusia akachota mbege, akaonja, akampa Elinami, mdogo wake wa kiume, ambaye hakusubiri kuambiwa mara mbili. Kisha kibuyu kikaenda kwa bwana harusi. Hapo ndipo posa hukubalika au huvunjika.

Aminieli alikishika kibuyu akakitazama kama mtu aliyepewa nyoka. Akamgeukia mama yake.

"Mama..."

"Kunywa, baba. Watu wanakuangalia."

"Mama, unajua..."

"Funda moja tu. Usituaibishe."

Akanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndekusia akaona macho ya kijana yakiwa mekundu, akadhani ni furaha. Wanaume wengine hulia hata kwa harusi zao wenyewe.

Haikuwa furaha. Kibuyu kilikuwa hakijazunguka nusu ya wageni, Aminieli akaanza kuvuta hewa kwa mdomo. Uso ukawaka. Kifua kikaanza kupiga filimbi kama birika. Akainama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, hewa haiingii.

Mama Aminieli akapiga yowe. "Wamemuua! Bibi huyu amemtilia mwanangu kitu!"

Mngeona watu. Waliokuwa wakilamba midomo wakaanza kufuta ndimi kwa mashuka. Elinami, ambaye alikuwa amekunywa kuliko wote, alijitia kidole kooni palepale kwenye maua. Mbege ile yote ikapotea bure.

Ndekusia hakupiga kelele. Alikwenda akakichukua kibuyu kilekile, akakinywa mpaka chini, akakigeuza ili wote waone kimeisha.

"Haya. Kama ni sumu, nichimbieni kabisa. Kule karibu na zizi, na msikanyage magimbi yangu."

"Mchawi hadhuriki na dawa yake!" akasema Mama Aminieli.

"Kwa hiyo nikifa nilitia sumu, nikipona nilitia sumu. Basi hujaniachia pa kusimama, mama."

Lakini aliona jinsi majirani walivyosogea mbali naye. Watu waliokunywa kwake tangu ujana wao walikuwa wanaangalia chini. Alijua kwamba kijana huyu akifia kwenye ua wake, hakuna atakayegusa kibuyu chake tena, na Aikande ataitwa mjukuu wa mchawi mpaka kaburini.

Vijana walikimbilia gari, lakini barabara ilikuwa tope tupu na zahanati iko chini kabisa. Dereva alikuwa akitafuta mawe ya kuweka kwenye matairi. Aikande alimshika mchumba wake mgongo huku akimwambia, "Vuta, vuta pole pole," na yeye havuti kitu.

Hapo Ndekusia akaacha kumtazama kijana, akamtazama mama. Mkono wa Mama Aminieli uliingia kifuani, ndani ya blauzi, ukatoka mtupu. Ukaingia tena. Ukatoka mtupu. Macho yake yanakwenda kwa mtoto, yanarudi kwa watu.

Ndekusia akamsogelea.

"Una nini humo?"

"Sina kitu! Niache, muuaji wewe!"

"Mama Aminieli, nisikilize. Jina langu umeshalichafua, halina haraka tena. Mtoto wako ndiye mwenye haraka. Midomo yake imekuwa rangi ya zambarau. Toa."

Aminieli akaanguka kwa magoti.

Mama yake akatoa. Kichupa kidogo cha buluu, cha plastiki, ile dawa ya kuvuta ya watu wa pumu. Aminieli alikinyakua kabla hakijafika, akakitikisa, akakitia mdomoni, akabonyeza, akashikilia pumzi. Akarudia. Hakuna aliyemfundisha. Mkono ulikuwa umezoea.

Filimbi ya kifuani ikashuka kidogo.

Ndekusia akawageukia watu. "Niambieni jamani. Ni wapi mmewahi kuona dawa ya sumu inakuja na wageni?"

Gari likatoka kwenye tope, wakateremka nalo. Ndekusia naye alipanda, amekumbatia galoni ya mbege mapajani. Kwenye zahanati daktari alimvalisha Aminieli barakoa ya mvuke wa dawa, kisha akamwona bibi na galoni yake.

"Hiyo ya nini, bibi?"

"Ipimwe."

"Hapa tunapima malaria na mkojo. Mbege hatuna kipimo chake."

"Basi onja."

"Niko kazini, bibi."

Daktari akamgeukia mgonjwa na maswali yake. Unanusa? Sinusi harufu yoyote. Uliwahi kukutwa na vinyama puani? Vilikatwa hospitali kubwa, vikaota tena. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Mama akawahi kujibu, "Hakuna, huyu hajawahi kuugua." Aminieli akaivua barakoa.

"Aspirini, daktari. Niliumwa jino, nikameza, nusura nife. Na pombe ni hivihivi. Kwenye ubatizo wa binamu yangu nilionja bia, nikabanwa. Nikajaribu mvinyo, nikabanwa. Mama alikuwepo."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akawaeleza kwamba kuna watu wenye pumu ambao miili yao haipatani na aspirini wala dawa za maumivu za jamii yake, kama diklofenaki na ibuprofeni. Mara nyingi huota vinyama puani na harufu huipoteza. Na wengi wao pombe nayo huwaziba pua na kuwabana kifua, hata ikiwa kidogo, iwe mbege, bia au mvinyo.

"Si sumu, si uchawi," akasema. "Na mpishi hana kosa. Huyu aende hospitali kubwa wampime vizuri. Kila anapopewa dawa ya maumivu aseme habari hii kwanza. Na pombe aiache. Dawa ya kuvuta ni ya kumwokoa akibanwa. Haimpi ruhusa ya kunywa."

Mama Aminieli akaanza kulia. "Posa ya kwanza walimkataa waliposikia ana pumu. Walisema mwenye kifua hawezi kutunza shamba la ukoo. Nikasema safari hii hawatajua. Funda moja, na dawa ninayo."

"Ulikuwa unaniletea mkwe au maiti?" Ndekusia akamuuliza. "Na alipobanwa, ukaona afadhali mimi niwe mchawi kuliko wewe kuonekana unaficha."

Mama yule akajifuta machozi kwa kanga yake.

Aikande naye akamgeukia Aminieli. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanikataa."

"Kwa pumu? Mimi nakoroma mpaka mbuzi wanaamka, na wewe hujaambiwa. Sasa tumejuana."

Wazee wa pande zote mbili walikutana tena mahindi yalipokuwa yameanza kuchanua. Ndekusia alitaka kitu kimoja tu: Mama Aminieli asimame palepale aliposimama, aseme ukweli kwa sauti ileile aliyotumia kumwita mchawi. Akasimama, akasema. Mpaka waliokuwa kwenye mashamba ya kahawa bondeni walisikia.

Ndekusia akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akaonja, akampa Aminieli.

Elinami akaruka. "Dada, mila ni mbege!"

"Mila ni mgeni kunywa alichoonja mwenyeji. Na wewe uliyejitia kidole kooni kwenye maua yangu, leo ndiye wa kunifundisha mila?"

Watu wakacheka, Elinami akakaa. Aminieli akanywa maziwa mpaka mwisho, akapangusa midomo, kifua kimya.

Kisha Ndekusia akachota mbege. Akaonja. Akampelekea Mama Aminieli mwenyewe, akasimama mbele yake. Ua wote ukatazama. Mama yule akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiinamia, hakukishusha mpaka kilipobaki kitupu.

Akaangalia ndani, akakirudisha. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "naomba kingine."

Ndekusia hakumkumbatia. Alimchotea.

Funzo: Sema mapema kinachomdhuru mtoto wako, maana siri uliyoiweka ili apendwe inaweza kumnyima pumzi na kumtwika mwingine lawama, na mtu akikikataa kinywaji chako, muulize afya yake kabla ya kudhani amekudharau.