Hodi Tatu kwa Zimwi

Tegeni masikio, kisa kinapita.

Mize alifukuzwa nchi ya ng'ambo kwa kuingia na jina la marehemu dada yake, Shufaa, akamwacha bintiye mchanga huko. Baada ya miaka saba alirudi kuomba ruhusa langoni, penye zimwi mlinzi. Hodi ni tatu tu. Ya tatu isipojibiwa "karibu", mtu haji tena.

"Hodi! Ni mama mwenye uchungu."

"Nani hana uchungu?"

"Hodi! Sikufanya kosa, bwana mkubwa."

"Ubwana mkubwa haufungui lango, bibi."

"Hodi. Ni Mize. Niliingia kwa jina la maiti."

"Karibu, Mize." Lango likafunguka lenyewe.

Ndani, bintiye akamkazia macho. "Mize ndiye nani? Mama yangu Shufaa."

Mize akaketi kizingitini, akaanza kumweleza. Kisa changu nacho kinakaa hapo, kinasikiliza.