Afisa Aliyekataa Wino wa Kijivu

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi wa kuchapa picha za kale katika nyumba moja ya kumbukumbu za serikali. Printa yake ilikula wino mweusi, na wa kijivu wa aina tatu: mzito, wa kati, na mwingine hafifu kama mvuke wa chai.

Kijivu kikaisha. Fundi akajaza fomu, nakala tatu, akapeleka kwa afisa manunuzi.

"Fundi, unachapa picha gani?"

"Nyeusi na nyeupe, mheshimiwa."

"Sasa kijivu kinaingiaje hapo?" Akapiga mhuri: IMEKATALIWA.

Siku hiyohiyo akaja mama wa miaka hamsini na ushei. Baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni, na picha zote za nyumbani ziliungua. Amesikia humu imebaki moja, baba kasimama na wenzake waliojenga daraja. Mtu mzima, ana wajukuu, hajawahi kuuona uso wa baba yake!

Fundi akachapa kwa mweusi peke yake. Uso ukatoka madoadoa, macho mashimo mawili.

"Mwanangu," mama akauliza taratibu, "baba alikuwa na ndui?"

Afisa alikuwa amepita kudai saini. Akachungulia. "Mbona anaonekana vizuri, mama? Sikio lile pale."

"Hiyo ni kofia, mheshimiwa," fundi akasema.

Akainama, akaokota kwenye pipa katriji za wino wa kijivu alizozitupa asubuhi. Mashine ilisema zimekwisha. Yeye alijua mna matone. Akazitikisa, akazirudisha. Karatasi ikaanza kushuka, mstari kwa mstari. Kofia. Paji la uso. Kunyanzi dogo kati ya nyusi. Kisha macho, yana uhai, yanamtazama mama. Mwisho kidevu, na kishimo katikati.

Mama akajishika kidevu chake, penye kishimo kilekile.

Afisa akavua miwani. "Huo mng'ao machoni," akanong'ona, "umetumia wino gani mweupe?"

"Wino mweupe haupo, mheshimiwa. Hapo ni karatasi tu. Ni mahali ambapo wino haukugusa."

Naona mmemcheka sana yule afisa. Haya, nani kati yetu hana ofisi kama ile kifuani? Jirani: mbaya, mhuri. Mkwe: mbaya, mhuri, nakala tatu. Tunawachapa watu kwa wino mmoja, halafu tunashangaa hawana macho! Lakini Aliyewaumba hakuchoka na kijivu chao, kizito na hafifu, tena akaacha mahali machoni mwao ambapo giza lolote halikuruhusiwa kugusa. Hamwogopi, ndugu zangu, kumpigia mhuri mtu wa namna hiyo?

Kuna mmoja leo utamkuta nyumbani, ulishamkataa zamani. Mtazame upya, taratibu, mstari kwa mstari. Ukifika kidevuni, usishtuke ukikuta ni chako.