Kwa Nini Wakubwa Hula Ugali wa Matope

Zamani hizo, magoti ya watoto yalipokuwa bado hayajaijua rangi ya udongo, palikuwa na kijiji huko milimani ambako mtoto alirudishwa kwa mama yake jioni vilevile alivyoachwa asubuhi: anang'aa mafuta, kimya, hana hata unyasi kichwani. Msicheke. Wengine wetu hapa tulioga kwa kukimbizwa, tena kwa kamba. Wenzetu wale hawakuwa wakali, walikuwa na shida ya maji tu. Kiangazi kilipokolea, maji yote yalikusanywa kwenye ndiva, lile bwawa la udongo juu ya mashamba, na yakafunguliwa kwa zamu kunywesha mahindi. Nani angethubutu kuyamwaga kuoshea mtoto aliyegaragara?

Msimamizi wa ndiva alikuwa Mzee Senkoro, mtu wa fimbo ndefu na maneno mafupi. Kila jioni alipita nyumbani kwa Bi Nakunda akakagua nyayo za watoto, kama mnunuzi anavyokagua kwato za mbuzi. Bi Nakunda ndiye aliyewalea wadogo wote wakati wazazi wako shambani, kwa kuwa miguu yake ilikwisha kulikataa jembe. Aliwapanga mkekani chini ya migomba, nao wakakaa kama vibuyu sokoni.

Mwaka huo, miongoni mwa vibuyu hivyo, alikuwamo Nanzia, mjukuu wa Mzee Senkoro mwenyewe. Mama yake alifariki wakati wa masika, na tangu hapo mtoto akafumba mdomo. Uji hataki. Ndizi za kuponda hataki. Maziwa yalimshuka kidevuni. Bi Nakunda aliimba, akabembeleza, akamdanganya kwamba kijiko ni ndege anatafuta kiota, na kila jioni alimkabidhi kwa babu yake akiwa mwepesi kuliko jana. Wote wawili walilijua hilo.

Basi siku moja adhuhuri, zamu ya maji ilipofunguliwa, mfereji ukapasuka kingo na maji yakaingia uani. Watoto wakayatazama maji. Maji yakawatazama watoto. Bi Nakunda alikwisha kufungua kinywa apige kelele, mara akamwona Nanzia ameinuka mwenyewe, ametumbukiza mikono topeni hadi viwiko.

Bibi akafumba kinywa chake polepole.

Ua ukageuka jiko. Mafiga yakapangwa, matope yakasongwa, kokoto zikawa maharagwe.

"We baba, kaa kule! Mwanamume gani anachungulia chungu?"

"Nina njaa, mama!" akalia mvulana mmoja.

"Ugali bado haujaiva!"

Huyo mama wa jiko ni Nanzia. Sauti ilikwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu. Bi Nakunda aligeukia mgomba, akajifanya anachambua jani kavu, akafuta macho.

Kisha Nanzia akamjia, amebeba tonge kwenye jani, kwa mikono miwili kama alivyomwona mama yake akikaribisha wageni. "Bibi, kula."

Bi Nakunda akalipeleka tonge karibu na midomo, akatafuna hewa kwa sauti kubwa, nyam, nyam, huku tonge likiteleza nyuma ya mgongo. "Tamu! Ila chumvi imepungua."

Nanzia akatimua mbio kutafuta mchanga wa kukolezea. Aliporudi akakuta kibuyu cha uji kinamngoja. "Mpishi naye hula," Bibi akamwambia.

Mtoto akakitazama. "Babu kwanza."

Na babu huyo hapo, amesimama kwenye uchochoro na fimbo yake.

"Nakunda! Nilikuachia watoto, nakuta ngiri!"

"Senkoro, ndugu yangu, nitukane baadaye. Mjukuu wako amepika. Hali chochote mpaka wewe ule."

Mzee akamtazama mtoto: tope mpaka nyusi, mifupa ya mabega imetokeza, na jani lenye tonge jipya kwenye mikono miwili. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanakijiji wote kwamba anayekukaribisha kwa mikono miwili harudishiwi jani lililojaa. Hakuwahi kucheza utotoni, maskini, wala hakujua kwamba kuna kula kwa kujifanya. Akaketi chini. Akala. Akatafuna, akameza, tonge zima, na maharagwe yake.

Watoto wakatoa macho. "Babu kala kweli!" mmoja akanong'ona.

Nanzia akamwangalia babu yake, masharubu yanachuruzika tope, na kicheko kikamtoka tumboni, kicheko kilichokuwa kimelala tangu masika. Kisha akashika kibuyu, akanywa uji mpaka kikabaki kitupu, akacheua kama mzee wa baraza.

Mzee Senkoro hakuonekana kwenye ndiva kwa muda. Alionekana zaidi vichakani, akienda kwa haraka isiyolingana na heshima yake. Huko huko, baina ya safari moja na nyingine, alitoa amri mpya: kila ndiva ikifunguliwa, watoto waachiwe fungu lao la maji wakapike, na mkubwa akikaribishwa asikatae. "Ila," akaongeza, ameshika tumbo, "ale kama Nakunda. Si kama mimi."

Na tangu siku ile, jua likiwaka, watoto hutafuta matope hata pasipo na maji. Watakojoa ikibidi, na nyote mnajua nasema nini. Na hata leo, penye sakafu za vigae na walezi wa kulipwa, mwite mkubwa yeyote kwenye mafiga ya watoto, awe hakimu, awe dereva wa lori: atachuchumaa na nguo zake safi, atapokea jani, atatafuna hewa. Hakuna aliyemfundisha. Wengine tumekaribishwa kwenye meza za mbali, za vitambaa vyeupe na vijiko visivyojulikana kazi yake, tukashiba tukasahau tulikula nini. Lile jani hatujalisahau, wala aliyetupikia.

Kwa hiyo ukiletewa, pokea kwa mikono miwili. Na ukitaka mtoto akukimbilie tena na tena, mwambie chumvi imepungua.